Panga chakula cha nyumbani kabla ya kuuza gunia

KILA mwaka kati ya Juni na Agosti, malori ya mahindi hupanga foleni Makambako mkoani Njombe na Kibaigwa wilayani Kongwa. Wanunuzi hufika hadi vijijini, hulipa fedha taslimu, na katika muda wa wiki chache ghala lililokuwa limejaa hubaki na magunia ya kuhesabika kwa vidole. Ifikapo Januari au Februari, mkulima yule yule huonekana dukani akinunua unga kwa kilo, tena kwa bei inayouma.

Lawama hutupiwa walanguzi, lumbesa na barabara mbovu, na sehemu ya lawama hizo ni ya haki. Hata hivyo, lipo jambo moja lililo mikononi mwa kaya yenyewe ambalo halizungumzwi sana kwenye mikutano ya vijiji. Kaya nyingi huuza mavuno kabla ya kujua zitakula nini, kiasi gani na mpaka lini. Mkulima anaweza kukutajia bila kusita idadi ya mifuko ya mbolea aliyotumia kwa ekari, lakini ukimuuliza nyumba yake hutumia kilo ngapi za unga kwa wiki, atamwita mkewe. Naye mkewe, ambaye jibu analo, mara nyingi hakuwapo magunia yalipokuwa yakipakiwa.

Matokeo yake yanaonekana kwenye takwimu za lishe. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Cha kushangaza ni mikoa iliyoongoza. Iringa ilikuwa na takriban asilimia 57, huku Njombe na Rukwa zikiwa na takriban asilimia 50 kila mmoja. Hiyo ni mikoa inayolisha miji ya nchi hii kwa mahindi, maharage na viazi. Udumavu una sababu nyingi, yakiwamo maradhi ya kuhara, lishe duni ya mama mjamzito na kazi nyingi za shamba zinazomnyima mama muda wa kumlisha mtoto. Lakini ni vigumu kukwepa swali hili: kwa nini anayezalisha chakula kingi zaidi ndiye mwenye mtoto anayekula aina chache zaidi?

Sehemu ya jibu ni kwamba mlo wa nyumbani hupangwa mwisho, kwa kilichobaki baada ya kila kitu kingine kulipwa. Makala hii inaeleza jinsi ya kuugeuza mpangilio huo, kwa ratiba ya chakula iliyo rahisi na inayoweza kubadilika kufuatana na msimu na bei.

Ratiba isiyofunga mikono

Wengi wakisikia maneno "ratiba ya chakula" hukumbuka shule ya bweni: Jumatatu ugali maharage, Jumanne ugali maharage, Jumamosi wali, na ole wako ukiugua Jumamosi. Ratiba ya namna hiyo haifai nyumbani. Ukiandika kwamba Jumatano ni siku ya samaki, na Jumatano hiyo samaki wakawa adimu sokoni, utafanya moja kati ya mambo mawili: utanunua kwa bei yoyote, au utaitupa karatasi na kurudi kwenye mazoea.

Mwalimu bora wa jambo hili ni mama lishe. Anapofika sokoni alfajiri hajui kama atapika njegere au bamia. Anachojua ni muundo wa sahani yake: kitu cha kushibisha, kitoweo, mboga za majani na kipande cha tunda. Kila nafasi katika sahani ina vitu vitatu au vinne vinavyoweza kukaa hapo, naye huchagua kile ambacho siku hiyo kina bei nzuri. Mteja anapata sahani ileile kwa bei ileile, na mama lishe anabaki na faida. Angepanga kwa majina ya vyakula, biashara isingefika mwisho wa mwezi.

Kaya inaweza kufanya vivyo hivyo kwa kugawa vitoweo vyake katika mafungu matatu kulingana na mahali vinapotoka. Kuna kitoweo cha ghala: maharage, kunde, choroko, mbaazi na karanga. Kuna kitoweo cha banda: mayai, maziwa na kuku. Kisha kuna kitoweo cha soko, yaani dagaa, samaki na nyama. Badala ya kuandika jina la chakula, ratiba inaandika fungu. Katika milo 14 ya mchana na jioni kwa wiki, kaya ya kawaida ya kijijini inaweza kuweka milo sita ya ghala, mitatu ya banda na mitatu ya soko, na miwili iliyobaki ikawa ya mboga za majani zilizoungwa kwa karanga. Kama kuku wameacha kutaga, milo ya banda inahamia ghalani. Kama dagaa wameshuka bei, milo ya soko inaongezeka na maharage yanapumzika.

Vivyo hivyo kwa vyakula vya kushibisha. Ugali, makande, viazi, mihogo, ndizi na wali vinabadilishana nafasi kwa kadiri shamba linavyotoa. Mkoa wa Kagera hauhitaji kufundishwa kula ndizi, wala Sumbawanga kula ugali. Kinachotakiwa ni kila nyumba kuwa na angalau chakula cha pili cha kukimbilia pale cha kwanza kinapokuwa ghali.

Mahali ambapo ratiba haipaswi kulegea ni kwenye mchanganyiko wenyewe. Mahindi yana upungufu wa kirutubisho cha protini kiitwacho laisini, na maharage yanacho kwa wingi. Ndiyo maana makande, chakula ambacho vijana wa mjini hukidharau, ni moja ya milo yenye akili zaidi katika jiko la Mtanzania. Ndimu, pera au chungwa likiliwa pamoja na maharage au mboga za majani husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula hufanya kinyume chake, kwa hiyo ni afadhali isubiri kama saa moja hivi.

Uji wa watoto nao unahitaji neno. Siku hizi unga wa lishe wenye nafaka sita au saba huuzwa kwa bei ya juu na wanunuzi huamini kuwa wingi wa nafaka ni wingi wa lishe. Mahindi, mtama, uwele, ngano na mchele vyote ni nafaka, na mtoto hapati mengi kwa kuzichanganya zote. Nafaka moja, karanga zilizosagwa au maziwa, na tunda pembeni vinatosha, na gharama yake iko chini. Anayetumia soya ahakikishe imechemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa, kwa kuwa soya mbichi huzuia mwili kutumia protini yake.

Hesabu ya ghala

Ratiba ikishapangwa, inageuka kuwa hesabu. Tuchukue kaya ya mfano ya watu sita, wakubwa watatu na watoto watatu. Kwa wiki wanapika ugali mara nane, kila mara kilo moja na nusu ya unga, jumla kilo 12. Makande mara mbili hutumia kilo mbili za mahindi. Uji wa asubuhi unakula kilo mbili nyingine za unga. Milo iliyobaki ni ya viazi, ndizi au wali. Hiyo ni kilo 16 kwa wiki, sawa na kilo 832 kwa mwaka. Tukiongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya wageni, misiba na hasara za ghalani, tunapata kilo 915, yaani magunia tisa ya kilo 100 na karibu debe moja.

Magunia hayo tisa ni kwa wanaokula dona. Mahindi yakikobolewa ili kupata sembe nyeupe, takriban robo ya uzito huenda kwenye pumba. Kwa kaya hiyo hiyo, yenye ratiba hiyo hiyo, mahitaji yanapanda hadi karibu magunia 12. Tofauti ni zaidi ya magunia mawili na nusu kila mwaka, kwa sababu ya rangi ya ugali. Pumba hazipotei kabisa, kwani kuku na nguruwe hunufaika, lakini pamoja nazo huondoka kiini cha mbegu chenye mafuta, protini na vitamini za kundi B. Familia isiyoipenda dona inaweza kuanza kwa kuchanganya nusu kwa nusu, na hapo tayari itakuwa imeokoa zaidi ya gunia moja.

Mikunde huhesabiwa kwa njia hiyo hiyo. Milo sita ya ghala kwa wiki, ikiwamo ile miwili ya makande, kila mlo nusu kilo, ni kilo tatu. Kwa mwaka ni kilo 156, yaani gunia moja na nusu. Ni kiasi ambacho kaya nyingi za Nyanda za Juu Kusini huvuna na kukiuza chote.

Sasa tazama kinachotokea hesabu hii isipofanyika. Tuseme kaya ilivuna magunia 15 na kuuza 10 mwanzoni mwa Julai. Yaliyobaki matano, kwa matumizi ya kilo 17 na nusu hivi kwa wiki pamoja na zile ziada, yatadumu wiki 28. Yanaisha katikati ya Januari. Huo ndio wakati shule zinafunguliwa, sare na madaftari vinanunuliwa, palizi inahitaji vibarua na mahindi mapya bado yako shambani. Kaya italazimika kununua magunia manne. Kama iliuza gunia kwa shilingi 45,000 na sasa inalinunua kwa 80,000, imepoteza shilingi 140,000, bado gharama za usafiri. Bei hizi ni za mfano tu. Kila msomaji anaweza kuweka za soko lake na kuona inatoka ngapi.

Hapa inafaa kuwa wakweli. Mahindi hayapandi bei kila mwaka. Mwaka 2017 Serikali ilizuia kuuza mahindi ghafi nje ya nchi, na katika msimu wa 2017/18 bei ilianguka kiasi kwamba waliohifadhi kwa matumaini ya kuuza ghali waliumia. Kwa hiyo gunia la chakula lisichanganywe na gunia la biashara. La biashara ni la kubahatisha, na mwenye nalo anapaswa kufuatilia soko. La chakula litaliwa bei ipande au ishuke, na kazi yake ni kuiondoa kaya kwenye soko wakati ambao haina nguvu ya kujadiliana bei.

Wakulima wa mbaazi wa Lindi, Mtwara na Manyara walijifunza upande mwingine wa jambo hili mwaka huo huo wa 2017, India ilipowekea ukomo uagizaji wa mbaazi kutoka nje. Zao lililokuwa likigombewa likabaki majumbani. Mbaazi ni kitoweo kizuri kabisa, ikiungwa kwa nazi wapo wasiotaka nyama mbele yake, lakini nyumba nyingi zilikuwa zimezoea kuihesabu kama fedha tu. Zao ambalo familia inalipika lina soko moja la uhakika hata pale wanunuzi wanapokimbia.

Kuhifadhi ndiko wengi wanakoshindwa, na sababu ina jina: dumuzi, ambaye wakulima wamempa jina la Scania. Mdudu huyu asili yake ni Amerika, na alianza kuonekana mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa miezi michache anaweza kuligeuza gunia kuwa vumbi, na mkulima anayemhofia huona heri auze mapema. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, maarufu kama PICS, huwaua wadudu kwa kuwanyima hewa bila dawa yoyote. Sharti ni mahindi yawe makavu na mfuko ufungwe kila tabaka kwa nafsi yake. Kupima ukavu hakuhitaji mashine: weka chumvi kavu kidogo na mahindi kwenye chupa kavu, funga, tikisa, uache kwa dakika kama 15. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji.

Ukavu una sababu nyingine iliyo nzito kuliko bei. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo hutengenezwa na ukungu, na kuipika hakuiondoi. Ushauri wa kula dona, kwa hiyo, ni kwa mahindi yaliyoanikwa juu ya turubai na kuchambuliwa; punje zilizooza au zenye ukungu zitolewe na zisipewe hata kuku.

Kitoweo na bei ya kikomo

Kwenye nafaka hesabu ni ya mwaka. Kwenye kitoweo hesabu ni ya kila siku, na hapa kubadilika ndiko kunakolipa.

Anza na swali moja: mlo wa maharage ya ghalani una thamani gani leo? Kama kilo inauzika kwa shilingi 2,500, nusu kilo inayolisha watu sita ina thamani ya 1,250. Weka juu yake kuni au mkaa. Hicho ndicho kipimo cha kulinganishia kila kitu sokoni. Dagaa wa mlo mmoja wakipatikana kwa 1,500, ni karibu sawa na maharage, na kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa yao huongeza madini ya kalisi, wachukuliwe. Nyama ya 6,000 inabaki kuwa ya Jumapili au ya mgeni.

Maharage yakipanda hadi 4,000 kwa kilo, mlo ule ule sasa una thamani ya 2,000, na hesabu inageuka. Mayai manne ya shilingi 400 kila moja, yakiunganishwa na rojo la nyanya, yatagharimu 1,600. Wakati huo ni busara kuuza sehemu ya maharage na kula mayai, jambo ambalo wakulima wengi hufanya kinyume: huuza mayai yote mwaka mzima na kula maharage hata yanapokuwa ghali kuliko mayai. Ratiba inayobadilika maana yake ni hiyo pia. Chakula kilichoko ghalani kinaweza kwenda sokoni, ilimradi kinachokuja mezani badala yake kiwe na thamani ileile kwa mwili wa mtoto.

Kwa dagaa wa Ziwa Victoria, kalenda ya kuangalia ni mwezi wa angani. Wavuvi huwavuta kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazina nguvu, mitumbwi mingi hupumzika na bei hupanda. Anayenunua sado moja wakati wa giza na kuihifadhi mahali pakavu atapita siku za mbalamwezi bila kuuliza bei. Wauzaji wa Kirumba jijini Mwanza wanalijua hilo kwa miaka. Mnunuzi wa mwisho ndiye ambaye mara nyingi halijui.

Maharage yana adui mmoja, nishati. Kuyaloweka usiku kucha na kumwaga maji hayo kunapunguza muda wa kuchemka kwa kiasi kikubwa. Pia hakuna haja ya kuwasha moto mrefu kila siku. Yachemshwe ya milo miwili kwa wakati mmoja bila kuungwa: nusu iungwe jioni, nusu ichemshwe tena hadi itokote na kutumika mchana wa kesho yake kwenye ndizi, viazi au wali. Kwenye maeneo ya joto kama Pwani na Dar es Salaam yasilazwe zaidi ya hapo kama nyumba haina jokofu.

Mboga za majani ni rahisi wakati wa mvua hadi zinaoza, na adimu kiangazi hadi zinauzwa kwa fungu la majani matano. Majani ya kunde, mchicha na kisamvu vikitokoswa kidogo na kukaushwa kivulini, si juani, hutunza vizuri zaidi vitamini A na hukaa kwa miezi. Wagogo wa Dodoma wanaokausha mlenda na majani ya kunde hawakusubiri mtaalamu kuja kuwafundisha. Penye maji ya kuoshea vyombo panatosha kwa gunia moja la udongo lenye mchicha na sukumawiki, na viazi lishe vyenye nyama ya rangi ya machungwa vinatoa mazao mawili: kiazi chenye vitamini A, na matembele juu yake.

Mtaji unaoliwa

Mfanyabiashara mdogo hana ghala, lakini tatizo lake linafanana. Mwenye genge au duka huchukua mchele kilo moja rafuni jioni, kesho mafuta, keshokutwa sukari, bila kuandika. Mwisho wa mwezi duka limepungua na haijulikani faida imeenda wapi. Imeliwa, tena pamoja na mtaji. Kula kutoka dukani si kosa; kosa ni kutoandika. Daftari moja la jikoni, kila kitu kikiandikwa kwa bei ya kununulia, litaonyesha ndani ya wiki mbili nyumba inatumia kiasi gani, na hapo ndipo kiwango cha kila siku kinaweza kuwekwa.

Ununuzi wa kupima ni mtego wa pili. Tuseme mafuta ya kula ni shilingi 6,000 kwa lita, na ya kupima ya shilingi 500 yanajaza mililita 70. Anayenunua hivyo analipa zaidi ya 7,100 kwa lita. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya mafuta ya kula mwaka 2022, wengi walihamia kwenye vipimo vidogo, na kwa kufanya hivyo wakalipa bei ya juu zaidi ya ile waliyokuwa wakiikimbia. Majirani watatu wanaweza kuchangia dumu la lita tano na kugawana. Ila kuna tahadhari ambayo haimo kwenye vitabu vya uchumi: chupa iliyojaa humwagwa kwa mkono mwepesi. Mafuta yagawiwe kwenye chupa ndogo ya wiki, na ikiisha kabla ya Jumapili, siku zilizobaki ni za kuchemsha na kuunga kwa karanga au nazi.

Muuza nyanya, mboga au matunda ana bahati ambayo wengine hawana. Nyanya iliyolainika jioni haina bei kesho, lakini jikoni ina thamani kamili. Ratiba yake inapaswa kuanza na kile ambacho meza imeshindwa kuuza, kisha ndiyo atafute kingine. Mwenye kuuza chipsi naye, ambaye watoto wake hulala wameshiba chipsi zilizobaki kila siku, afahamu kwamba ameokoa fedha kwa kuacha nafasi mbili za sahani wazi: mboga na mikunde.

Mtakwimu wa Kijerumani Ernst Engel alionyesha mwaka 1857 kwamba kadiri kaya ilivyo maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato chake inavyokwenda kwenye chakula. Kwa maana hiyo, shilingi inayookolewa jikoni ina uzito zaidi kwa mchuuzi kuliko kwa mwenye mshahara mnono, na ni shilingi isiyotozwa ushuru wa soko wala kuhitaji mteja.

Lini na nani

Hesabu hii ifanyike Mei, kabla ya kuvuna, kwa wale wa maeneo ya msimu mmoja wa mvua. Wenye vuli na masika waifanye mara mbili. Mume na mke wakae pamoja, kwa kuwa mmoja anajua bei na mwingine anajua sufuria. Magunia ya chakula yatiwe alama ya rangi na yapangwe upande wake, ili hata mnunuzi akija na fedha mkononi ionekane wazi kwamba anayaona yasiyouzwa. Fedha za dharura, kama matibabu au ada, zitafutiwe chanzo kingine mapema: mbuzi, kuku au gunia moja lililotengwa kwa jina hilo.

Kisha ghala likaguliwe mwishoni mwa Oktoba. Kaya ya mfano iliyoanza na magunia tisa na debe mwezi Julai inapaswa wakati huo kuwa na magunia sita. Ikiwa yamebaki matano, bado hakuna cha kuogopa, kwani mihogo na viazi bado vinapatikana na bei haijapanda. Milo miwili ya ugali kwa wiki ihamishiwe huko. Hiyo ni kilo tatu za unga kwa wiki, na kwa wiki 34 zinazobaki hadi mwisho wa Juni zinafika kilo 102, ambazo ndizo gunia lililopungua. Anayegundua upungufu huo Januari atakuwa na wiki kama 24 tu za kuufidia, na itambidi ahamishe milo mitatu kwa wiki, wakati ambapo viazi navyo vimeanza kugombewa.